Kazi ya ukalimani Chennai: usipande ndege kabla ya kupata viza ya kazi

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye diploma, naishi Dar es Salaam. Hospitali moja binafsi ya Chennai imenipa kazi ya kuwakalimania wagonjwa wanaotoka Tanzania, Kenya na Kongo. Barua inasema malipo ni rupia 60,000 kwa mwezi, "CTC". Wananitaka niingie haraka kwa e-viza ya utalii, eti nikishafika watanibadilishia. Hilo linawezekana? Pesa hiyo inatosha kuishi? Nyumba nitaipataje, na mume wangu na mtoto wa miaka sita wanaweza kunifuata?

JIBU:

Dada, la utalii likatae leo hii. Viza ya utalii haigeuzwi kuwa viza ya kazi ukiwa ndani ya India, iwe ya kwenye mtandao au ya kubandikwa kwenye pasipoti. Viza ya msindikizaji wa mgonjwa nayo ni hivyo hivyo, na hiyo ndiyo njia nyingine ya mkato utakayotajiwa ukikataa ya kwanza. Viza ya kazi huombwa nje ya India, na kwako wewe ni kupitia Ubalozi wa India Dar es Salaam. Sheria ya Uhamiaji na Wageni ya 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, inamweka anayevunja masharti ya viza kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka mitatu, faini ya hadi rupia laki tatu, au vyote viwili. Juu ya hapo kuna kufukuzwa nchini na jina kuingizwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi. Afisa wa hospitali aliyekwambia "njoo tu" hatakuwa kwenye orodha hiyo.

Sidhani kwamba wana nia mbaya. Ofisi za wagonjwa wa kigeni huwa na haraka, na wengi wa wanaoajiri huko hawajawahi kumwombea mgeni viza. Kwa hiyo itabidi wewe uwaeleze wanachotakiwa kufanya, na jambo la kwanza kuwaeleza ni cheo chako.

Cheo kwenye mkataba ndicho kinachoamua

India haina kibali cha kazi kinachojitegemea kama chetu cha Tanzania. Viza yenyewe ndiyo kibali. Kanuni ya jumla ni kwamba mgeni hapewi viza ya kazi mpaka mshahara wake ufike rupia 1,625,000 kwa mwaka. Wako ni 720,000, hata nusu haufiki. Ungekuwa mhasibu au mtaalamu wa kompyuta, ningekwambia usahau.

Lakini kanuni hiyo ina watu iliyowasamehe kiwango cha mshahara: wapishi wa vyakula vya kwao, watumishi wa balozi, na walimu wa lugha zisizo Kiingereza pamoja na wafasiri. Wewe unaingilia mlango huo wa mwisho, na unafunguka kwa maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi. Mkataba ukisema "International Patient Coordinator" au "Guest Relations Executive", vyeo ambavyo hospitali za India hupenda kuwapa watu wa kazi yako, afisa wa viza ataona mfanyakazi wa ofisi mwenye mshahara mdogo na atakukatalia. Isitoshe, viza hii haitolewi kwa kazi za ukarani au kazi ambazo Wahindi wenye sifa wapo tele. Waambie waandike "Swahili Translator", na majukumu yaanze na ukalimani kati ya daktari na mgonjwa, kisha tafsiri ya ripoti na fomu za ridhaa. Barua ya kuhalalisha ajira, ambayo hospitali itakuandikia pamoja na mkataba, ieleze wazi kwamba wanapokea wagonjwa wanaozungumza Kiswahili na hawana mtu wa kuwaelewa.

Neno "nurse" lisionekane kwenye majukumu. Diploma yako iweke kwenye wasifu kama ujuzi wa ziada, kwa sababu inaonyesha unajua istilahi za kitabibu. Uuguzi India unahitaji usajili wa baraza la wauguzi, na wewe huna. Ukifika wodini kutakuwa na siku wafanyakazi ni wachache, na mtu akajua ulikuwa muuguzi, akakuomba "shika tu hii sindano." Usishike. Likitokea la kutokea, utakuwa umefanya kazi isiyo kwenye viza yako na isiyo na leseni.

Vitu vya kupeleka ubalozini ni hivi: fomu iliyojazwa kwenye tovuti rasmi ya viza ya serikali ya India na kuchapishwa, pasipoti yenye uhai usiopungua miezi sita na kurasa mbili tupu, picha ya mraba ya inchi 2 kwa 2 yenye mandhari meupe, mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, barua ya kuhalalisha ajira, cheti cha usajili wa hospitali na namba yake ya kodi, wasifu wako na vyeti. Fomu ya mtandaoni ina mtego: jina la ukoo na majina mengine yaandike kama yalivyogawanywa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tumezoea majina matatu yanayobadilishana nafasi. India, jina lililokaa namna moja kwenye viza, nyingine kwenye kadi ya kodi na nyingine benki litakufungia akaunti, na miaka baadaye litakuzuilia akiba yako ya uzeeni.

Viza hufungwa kwa mwajiri aliyeandikwa. Ukitaka kuhamia hospitali ya jirani inayolipa zaidi, kwa kawaida itabidi utoke India ukaombe viza nyingine. Kwa hiyo kabla ya kusaini hakikisha mkataba una mambo mawili: ni nani anayelipa tiketi ya kurudi wakikuachisha kazi, na muda wa notisi. Notisi ya siku 60 au 90 ni kawaida kwa waajiri wa India, nasi tuliozoea mwezi mmoja hutushtua. Jaribu ipungue iwe siku 30. Na wakiomba kukutunzia pasipoti au vyeti halisi, wape nakala.

Rupia 60,000 zinapofika mkononi

CTC ni jumla ya yote ambayo mwajiri anayatumia kwa ajili yako, yakiwemo ambayo hutayaona mwisho wa mwezi. Omba mchanganuo wa maandishi. Mara nyingi utakuwa na mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho nyingine, mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba, na hata kiinua mgongo, ambacho kwa kawaida huhesabiwa asilimia 4.81 ya mshahara wa msingi.

Mfuko huo wa akiba, wanaouita PF, ndio unaowashangaza wageni. Mfanyakazi wa Kihindi sheria inamlazimisha kuchangia hadi kwenye ukomo wa mshahara wa rupia 15,000 tu. Mgeni hana ukomo: anakatwa asilimia 12 ya mshahara wa msingi na posho nyingi (ya nyumba haimo), na mwajiri anaweka asilimia 12 nyingine. Zimesamehewa nchi zenye mkataba wa hifadhi ya jamii na India, kama Ujerumani, Ufaransa na Japani. Tanzania haimo, wala Kenya. Na kwa sisi tusio na mkataba, kanuni inasema pesa hiyo huitoi mpaka ufike miaka 58, isipokuwa kwa ulemavu wa kudumu au magonjwa machache makubwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Karnataka iliitangaza kanuni hiyo ya wageni kuwa kinyume cha katiba, lakini Chennai iko Tamil Nadu, na mahakama nyingine za India hazikubaliani zote na uamuzi huo. Panga bajeti yako ukijua utakatwa.

Tuseme msingi ni 30,000 na posho ya nyumba ni 12,000. Ukitoa mchango wa mwajiri na kiinua mgongo ndani ya ile 60,000, mshahara ghafi unabaki kama 53,500. Ukitoa mchango wako wa PF, karibu 5,000, unabaki na 48,500. Kuna na kodi ndogo ya kazi ya jiji, ambayo kikatiba haiwezi kuzidi rupia 2,500 kwa mwaka. Kwa hiyo iite 48,000. Tofauti kati ya 60,000 "CTC" na 60,000 "gross", yaani mshahara ghafi, ni kodi ya nyumba ya karibu nusu mwezi, na hilo ndilo la kulijadili sasa, kabla hujasaini, kwa sababu ukishafika huna nguvu tena.

Kodi ya mapato isikutie hofu. Mwaka wa kodi wa India huanza 1 Aprili na kuishia 31 Machi. Kwenye mfumo mpya, rupia laki nne za mwanzo hazikatwi kitu, kuna punguzo la moja kwa moja la rupia 75,000 kwa walioajiriwa, na mkaazi ambaye kipato chake cha kukatwa kodi hakizidi laki 12 hufutiwa kodi yote. Mkaazi kwa maana hii ni aliyekaa India siku 182 au zaidi ndani ya mwaka huo wa kodi. Ukifika, tuseme, Novemba, mwaka wa kwanza hutakuwa mkaazi na hutapata msamaha huo, lakini mishahara ya miezi mitano haifikii laki nne, kwa hiyo bado ni sifuri.

Kwa sababu hiyo, ukiona wamekukata asilimia 10 kama kodi, hicho ni kiwango cha mshauri wa kujitegemea. Maana yake wamekusajili kama mtoa huduma ili wakwepe PF, likizo na bima. Ukiona asilimia 20, huenda hawana namba yako ya kodi, PAN. Vyote viwili hurekebishwa, na pesa iliyokatwa hurudishwa ukiwasilisha ritani, lakini kwanza uwaulize ni kwa nini.

Je, 48,000 inatosha? Kwa mtu mmoja, ndiyo, na kitu kinabaki cha kutuma nyumbani. Chumba kimoja na sebule na jiko, ambacho matangazo yataandika "1BHK", ni kati ya 12,000 na 20,000 kwenye mitaa ya kawaida. Karibu na Greams Road, ambako nyumba za kulala wageni zimejaa wagonjwa kutoka nje, bei hupanda. Chakula cha kupika mwenyewe, usafiri, umeme, simu na maji ya kunywa, tenga 15,000 hadi 18,000. Kwa familia ya watu watatu inabana sana, nalo nitalirudia.

Wiki mbili za kwanza

Kabla ya safari, chanja homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya kufika, na ubebe cheti cha njano chenyewe mkononi. India ni wakali mno kwenye hili kuliko nchi nyingi. Anayetoka au kupitia nchi walizoziorodhesha bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na njia nyingi za kwenda Chennai zinapitia Addis Ababa au Nairobi.

Pesa beba kwa dola. Noti zikizidi dola 5,000 ujaze fomu ya forodha, ingawa hutahitaji kiasi hicho. Unahitaji cha kulipia nyumba na kula hadi mshahara wa kwanza uingie benki, na mwezi wa kwanza mshahara huchelewa kwa sababu akaunti haijafunguliwa. Nyumba ya 15,000 yenye amana ya miezi mitatu, kodi ya mwezi wa kwanza na dalali wa mwezi mmoja ni 75,000. Ongeza godoro, jiko la gesi, sufuria na nauli: dola zenye thamani ya rupia 120,000 zitakupa usingizi.

Viza ya zaidi ya siku 180 inakulazimu kujisajili kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu ufike. Tangu 2018 hufanyika kwenye tovuti yao ya e-FRRO. Huendi ofisini mpaka wakuite. Unapakia ukurasa wa pasipoti, viza yenye muhuri wa kuingia, picha, mkataba wa kazi, barua ya hospitali na uthibitisho wa makazi. Watu wengi hukwama kwenye makazi. Yeyote anayemlaza mgeni, iwe hoteli, hosteli au mwenye nyumba, anatakiwa kutoa taarifa zake mtandaoni ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Hoteli hulijua hilo vizuri. Mwenye nyumba wa mtaani mara nyingi hajawahi kulisikia, na akilisikia huogopa kwamba serikali itajua anapokea kodi.

Kwa hiyo usikimbilie kupanga. Wiki mbili za mwanzo kaa kwenye hosteli ya hospitali au nyumba ya wageni inayojaza Fomu C, uchukue nakala, ujisajili kwa anwani hiyo, halafu ndipo utafute nyumba bila presha. Ukihama, unatoa taarifa ya anwani mpya kwenye tovuti ileile. Maombi yakikubaliwa, kibali cha ukaazi hukujia kwa barua pepe. Kichapishe nakala kadhaa. Benki itataka, kampuni ya simu itataka, na mwenye nyumba atataka.

Laini ya simu hupatikana kwa pasipoti na viza, na mara nyingi utaombwa namba ya mwenyeji wa kupokea OTP, yaani namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu. Mfanyakazi mwenzako asimame nawe. Laini hiyo ndiyo itakayoshika kila kitu, benki na malipo ya UPI (ya papo hapo kwa simu) pia, kwa hiyo usichukue ya kitalii ya uwanja wa ndege ukaifanya ya kudumu, kwa kuwa muda wake hufika ikazimwa na OTP za benki zikapotea nayo.

Siku hiyohiyo omba PAN, namba ya kodi, kwa fomu ya wasio raia. Ile ya papo hapo mtandaoni si yako, inahitaji Aadhaar, namba ya utambulisho ya wakaazi wa India. Aadhaar yenyewe mgeni anaweza kuiomba akishakaa siku 182 ndani ya miezi 12 iliyotangulia maombi, na hufa pamoja na viza. Kwa sasa iache. PAN ikitoka, hospitali ikupeleke kwenye benki inayolipia mishahara yake. Benki India hufungwa Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi. Ukipata kadi ya benki ndipo UPI inafunguka, na bila UPI Chennai utahangaika: muuza mchicha, bajaji na kibanda cha chai wote wana kikaratasi cha kuskani, na chenji hawana. Kutuma pesa nyumbani ni kupitia benki yako, na mgeni aliyeajiriwa anaruhusiwa kutuma mshahara wake halisi baada ya makato. Slipu za mshahara usizitupe.

Utakutana pia na tarakimu zilizokatwa kwa namna nyingine: 7,20,000 ni laki saba na elfu ishirini. Soma mara mbili kabla ya kusaini chochote.

Nyumba

Mila ya zamani ya Chennai ilikuwa amana ya miezi 10, wanayoiita "advance". Sheria ya wapangaji ya Tamil Nadu ya 2017 iliweka miezi mitatu, ila ikaacha nafasi ya pande mbili kukubaliana vingine, na wenye nyumba wanaijua nafasi hiyo vizuri. Anza kwa kutaja tatu. Mkataba utakuwa wa miezi 11, kwa kuwa ule unaozidi mwaka huleta wajibu mwingine wa usajili na gharama. Kagua kifungu cha kupaka rangi: wengi hukata kodi ya mwezi mzima kutoka kwenye amana unapohama, hata kama ukuta ni safi. Piga picha kila chumba siku unayopewa funguo, umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp ili tarehe ibaki.

Kuna maswali matatu ambayo dalali hatakujibu usipomuuliza. Kwanza maji: yanatoka bomba la jiji, kisima au lori? Kiangazi, hasa Aprili na Mei, majengo mengine hununua maji ya lori na gharama hugawanywa kwa wapangaji. Maji ya kunywa ni ya madumu ya lita 20 yanayoletwa mlangoni. Pili umeme: bili huja kila baada ya miezi miwili, uniti 100 za kwanza ni bure kwa nyumba za kuishi, na matumizi yakizidi 500 bei hupanda ghafla. Taka mita yako mwenyewe na namba ya huduma ulipe moja kwa moja. Mwenye nyumba anayekutoza bei yake kwa kila uniti anakula hata hizo 100 za bure. Tatu, mafuriko. Mvua kubwa za Chennai ni za Oktoba hadi Desemba, tofauti na miji mingi ya India inayonyeshewa kuanzia Juni. Mwaka 2015, na tena Desemba 2023 wakati wa kimbunga Michaung, mitaa ya mabondeni kama Velachery na Pallikaranai ilizama. Nyumba za huko ni nzuri na bei yake inavutia. Ukizipenda, chukua ghorofa ya kwanza kwenda juu.

Sasa lile gumu. Utakataliwa nyumba, mara nyingine kwa sababu hujaja na mume, mara nyingine kwa sababu unakula nyama, na mara nyingine kwa sababu ya rangi yako, ingawa wataitaja mojawapo ya zile mbili za mwanzo. Ubaguzi dhidi ya Waafrika India upo na umewahi kufika kwenye vurugu: Januari 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru, kwa ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa. Kila siku haiko hivyo, na Chennai watu wengi watakuwa wakarimu kwako. Lakini ukiona umati umekusanyika barabarani, ondoka usingoje kuelewa kilichotokea. Namba ya dharura ni 112. Jiandikishe kwa Ubalozi wa Tanzania New Delhi wiki ya kwanza. Kwenye nyumba, barua ya hospitali yenye nembo na namba ya mtu wa kupigiwa hufungua milango mingi kuliko maelezo yako. Afadhali zaidi, mfanyakazi mwenzako Mtamil apige simu ya kwanza na aseme mapema kwamba mpangaji ni Mwafrika, ili usisafiri saa nzima kwenda kukataliwa mlangoni.

Kihindi kidogo ulichojifunza kwenye filamu hakitakusaidia sana. Mji ni wa Kitamil, na watu wanaona fahari kwayo. Dereva wa bajaji mwite "anna", kaka. Mama wa sokoni "akka", dada. "Evvalavu" ni kuuliza bei, "vendaam" ni sitaki, "thanni" ni maji. Ugali utapikika: unga wa ulezi, ragi, uko kila duka na wenyeji wenyewe huusonga, mahindi meupe ndiyo ya kutafuta. Muhogo upo, nazi tele, na samaki wanayemwita vanjaram ni nguru. Gesi ya mtungi mkubwa inahitaji karatasi za makazi, kwa hiyo anza na mtungi wa kilo 5 unaouzwa kwa kitambulisho tu. Soketi ni za pini za duara; plagi zako za pini bapa hazitaingia.

Kazini, weka mpaka mmoja mapema. Watakuja mawakala kukupa kamisheni umpeleke mgonjwa kwenye kipimo fulani, duka fulani la dawa, au hospitali nyingine. Ni kipato cha nje ya mkataba wako, kwa hiyo ni kosa la viza, na mgonjwa aliyeuza shamba Singida ndiye anayelipia. Daktari akisema jambo zito, litafsiri lote kama lilivyosemwa, na ndugu wakikuomba ufiche, mwambie daktari kwamba umeombwa hivyo.

Mume na mtoto

Wanaweza kuja kwa viza ya kuingia ya wategemezi, ile inayoandikwa X, na muda wake hufuata wa kwako. Wataiomba Dar es Salaam kwa cheti cha ndoa, cha kuzaliwa na nakala ya viza yako. Mume haruhusiwi kufanya kazi kwa viza hiyo, hata ya muda au ya kulipwa mkononi. Mtataka kula watatu kwa 48,000, na ada ya shule juu yake, kwa sababu shule za umma hufundisha zaidi kwa Kitamil na mtoto wa miaka sita wa Dar atahitaji ya Kiingereza.

Ningekushauri utangulie peke yako. Shule nyingi za Tamil Nadu hufungua mwaka mwezi wa Juni na kuandikisha miezi kadhaa kabla. Ukifika mwishoni mwa mwaka, utakuwa na nafasi ya kuona kama hospitali inalipa kwa wakati, kuomba nyongeza baada ya kipindi cha majaribio, na kuandikisha mtoto kabla hawajapanda ndege. Viza huongezwa hukohuko kupitia e-FRRO, hadi jumla ya miaka mitano, na maombi ya kuongeza hupelekwa kabla haijaisha. Ikiwa mume wako ana kazi Dar, asiiache mwaka huu.

Barua ya kuwajibu hospitali iwe fupi: utakuja kwa viza ya kazi tu, cheo kiwe Swahili Translator, mchanganuo wa CTC uje kwa maandishi, notisi iwe siku 30, hosteli yenye Fomu C kwa wiki mbili za mwanzo, na tiketi ya kurudi wakikuachisha. Wakikubali yote sita, anza kukusanya karatasi. Wakigomea la kwanza, mazungumzo yaishie hapo.